Uzito wa Lynnet

Siku ya kliniki, Lynnet akiwa na wiki sita, nesi Phelesia alimtundika kwenye mizani akasoma kilo nne na nusu. Mama yake, Nyatichi, akampa dada yake mwenyewe, Bonareri, amshike kidogo. Tangu mtoto azaliwe Bonareri alikuwa na shughuli zisizoisha, hajawahi kumbeba. Alipompokea tu, uzito ulimvuta akaketi sakafuni kwa kishindo. Nesi akapima tena, Bonareri akiwa amemshika mtoto mguu. Kilo thelathini na moja. Aliandika vipimo vyote viwili kwenye kitabu cha kliniki, kile cha pili kwa penseli.

"Mtoto yuko sawa," alisema. "Ni vile anajua watu, anamlemea mwenye jambo moyoni. Hakuna mtu amemfunza. Wengine wanazaliwa tu hivyo."

Habari ikaenea mjini Kehancha, na wageni wa kuja kuona mtoto wakapungua ghafla. Mmoja alikuwa na mafua, mwingine mikono ilikuwa inanuka samaki wa omena.

Nyatichi alikuwa mtu wa kuamini watu, hasa damu yake. Lakini kilo thelathini na moja si kitu cha kufumbia macho. Akakumbuka kwamba wiki aliyojifungua vibanda vipya vya soko viligawanywa, naye alimtuma Bonareri na kitambulisho chake akamwandikishe. Bonareri alirudi akasema orodha imefungwa. Sasa Nyatichi akaenda kuisoma mlangoni mwa soko, mtoto mgongoni. Kibanda cha kumi na saba, pale pale alipouzia nyanya juani miaka minne, kilikuwa cha Bonareri.

"Wewe uko na bwana," Bonareri alimwambia, akiendelea kupanga vitunguu. "Mimi niko na nani?"

Nyatichi alitaka kulia, machozi yakamgomea. Walikuwa wamelala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa.

Akapeleka shauri kwa Mzee Bogonko wa kanisa la Sabato. Mzee alimbeba Lynnet bila shida, akatafakari.

"Dhamiri anaweka Mungu, tumboni," alisema. "Lakini adabu ni yetu kufundisha. Mtoto hawezi kuaibisha mama yake mdogo kila Sabato. Mfundisheni."

"Na kibanda, mzee?"

"Hiyo ni mambo ya soko. Tuombe."

Basi akafundishwa. Kanisa zima lilimfundisha kupiga makofi, kupunga mkono, kumchekea kila mtu. Kila Sabato aliwekwa mapajani mwa Bonareri kwa muda wa wimbo mmoja, halafu nyimbo mbili. Kilo zikashuka hadi ishirini, hadi kumi na tatu. Nesi aliandika zote.

Lynnet alipotimiza miezi kumi, Bonareri alimwinua kwa mkono mmoja mbele ya washiriki. Lynnet akacheka. Watu wakasema amina, na Mzee Bogonko akasema sasa mtoto amekuwa mtu.

Nyatichi akanyoosha mikono kumpokea mwanawe. Mtoto alimvuta chini mpaka akapiga magoti kati ya viti. Alijaribu tena kumwinua, akashindwa.

Hakuna aliyeshangaa. Mzee Bogonko aliinama akamwambia polepole, "Dada, bado uko na kinyongo?"

Bonareri akamchukua mtoto bila taabu, akamfunga mgongoni, wakaenda nyumbani. Nyatichi alifuata nyuma, amebeba kitabu cha nyimbo.