Hirizi ya Klachi

Kaka mtu alikuwa na maelezo ya kila kombe la mbio za pikipiki alilopata mdogo wake. La kwanza binti alilipata kwa sababu waliomtangulia waligongana kwenye kona, naye akapita katikati yao kama anayekwenda dukani. La pili, mvua ilinyesha. La tatu, mvua ilinyesha tena, na hapo kaka akainua mikono: "Sasa hata mawingu ni ndugu zake!" Mji mzima ukamwita binti huyo Ngekewa. Na jina hilo, kama hamjui, mwanzilishi wake alikuwa kaka mwenyewe.

Yeye ndiye aliyemfundisha kupanda pikipiki, akikimbia nyuma yake ameshikilia kiti, pumzi zikimwisha. Lakini tangu aanze mashindano hajawahi kushika kombe hata la kuazima. Mkewe alikuwa amechoka kufua matope ya mtu asiyeshinda. "Mara hii ukikosa," alimwambia, "pikipiki tunauza, na wewe unaenda kumsaidia shemeji yako dukani kwake." Duka la magodoro. Kuuza magodoro si aibu, lakini kila akiyafikiria, alikwenda kuifuta pikipiki yake upya.

Siku moja kabla ya mashindano alipita kwenye banda nyuma ya jiko la mama yao, zilikolala pikipiki zao mbili, za aina moja na umri mmoja. Akainama kuangalia ile ya mdogo wake, macho yakatua kwenye mkono wa klachi. Palikuwa na kitu cha buluu, kimezungushwa na kukazwa kwa uzi mweusi, mafundo matatu.

Kumbe! Mtoto ana hirizi!

Hakuuliza. Hirizi haiulizwi. Alitoka nje, akamkuta mdogo wake akimwagilia uwanja maji kwa mpira ili afanyie mazoezi kwenye utelezi, kama kawaida yake, na mama akilalamika kama kawaida yake.

"Umenigeuzia uwanja kuwa shamba la mpunga!" alisema mama, akikanyaga kwa uangalifu. Mguu wa kulia ulivaa kandambili ya buluu, wa kushoto ya kahawia. Pacha ya ile ya buluu ilipotea zamani, na mbwa wa jirani hajasamehewa hadi leo.

"Mdogo wangu," kaka alisema, sauti laini kupita kiasi, "kesho tubadilishane pikipiki. Watu wapunguze maneno."

Binti alimtazama, kisha akacheka. "Haya, kaka. Pikipiki ni pikipiki."

Alikubali upesi mno, hata kaka akajiona mwizi. Lakini hakurudi nyuma.

Kesho yake waliondoka juani. Walipofika katikati ya mashindano, mvua hiyo! Kaka akajiandaa kwa nuksi yake ya kila mwaka: mvua ikinyesha, vidole vyake huteleza kwenye klachi kama vimepakwa siagi, kila kona lazima aufute mkono kwenye paja, na wenzake wanapita. Akafika kona ya kwanza, akabana klachi. Vidole vikashika. Kona ya pili, vikashika. Alipofika ya tatu akawa ameshaelewa kile kitu cha buluu, kipande cha mpira tu, kinafanya kazi gani, na uso ukamwaka moto ndani ya helmeti. Hirizi! Mtu mzima na ndevu zake!

Lakini aibu ni aibu, na magodoro ni magodoro. Akaendelea kuvuta mafuta.

Mzunguko wa mwisho alisikia nyuma yake kikohozi anachokijua, kikohozi cha pikipiki yake mwenyewe. Mdogo wake alikuwa juu yake, anafuta mkono kila kona, na bado anakuja. Anakuja! Kaka alimaliza wa kwanza kwa nusu gurudumu.

"Jamani, leo bahati imehamia kwa kaka mtu!" mtangazaji alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Kaka akapandwa na hasira. "Bahati gani? Nimeendesha mimi!"

Maneno hayo aliyajua. Mdogo wake aliwahi kuyasema mezani kwa mama, machozi yakimlengalenga, na yeye akacheka huku akinyoosha mkono kuchukua mkate. Yalimuuma sasa, tena yalimuuma sana. Akamwendea mtangazaji, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Nisikilizeni. Nimeshinda kwa kazi ya mikono ya mdogo wangu. Na ile pikipiki aliyokuja nayo ni yangu, naijua. Kwa mvua hii, juu ya ile, mimi ningekuwa bado kona ya pili. Jina la Ngekewa nimelitoa mimi, na leo nalirudisha. Huyu anajua."

Binti alijifuta pua kwa glavu yenye matope, akazidi kujichafua. "Umechelewa, kaka," alisema. "Lakini umefika."

"Nilidhani ni hirizi," kaka alimnong'oneza.

Binti alicheka mpaka akachuchumaa. "Hirizi? Hiyo kandambili ya mama!"

Mke naye alikuja na mwavuli, akamtazama mumewe aliyelowa chapachapa, akasema magodoro yanaweza kusubiri.

Asubuhi iliyofuata mama alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua mbali na maji. "Ile ya kushoto ilichukuliwa na mbwa. Haya, na ya kulia iko wapi?"

Bandani, kaka alikuwa ameinamia klachi yake, uzi mweusi mdomoni, na mdogo wake amemshikia kipande cha mpira wa buluu.

"Kaza, kaka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hapa hatubahatishi."