Mureithi, Bingwa wa Gugumaji

Mwalimu Absalom alikuwa amefundisha marejeleo miaka mingi bila kujikwaa: mwandishi, mwaka, kitabu, mchapishaji, basi. Halafu mwaka wa tisini na tisa intaneti ikaingia Kisumu ikamvuruga kichwa. Wanafunzi wa diploma walianza kumletea karatasi zilizochapwa katika saiba, duka la intaneti la Bwana Mureithi, karibu na stendi. Hazikuwa na jalada wala mchapishaji. Zilikuwa na muhuri wa duka na sahihi ya Mureithi, maana yeye hakuruhusu karatasi itoke kwake bila muhuri.

"Sasa mwandishi ni nani, mwalimu?" Benta, mmoja wao, alimuuliza.

Absalom aliigeuza karatasi mbele na nyuma. Mkenya gani atabishana na muhuri? "Andika huyo aliyetia sahihi," akasema.

Ndivyo Mureithi, muuza soda na fotokopi, alivyogeuka bingwa wa gugumaji, lile gugu la ziwani, katika insha ya Benta, na wa malaria katika insha ya jirani yake. Makubwa hayo.

Ijumaa akaja Daktari Wakoli, mtahini kutoka nje ya chuo. Alisoma insha ya Benta, akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti, huyu Mureithi ni nani?"

"Ni wa saiba, Daktari."

"Maneno haya ni yangu. Niliyaandika mimi nikayaweka kwenye mtandao. Huu ni wizi, na chuo hufukuza wezi."

Benta alishika ukingo wa meza. Mama yake alikuwa ameuza dagaa wa omena ufukweni Dunga tangu yeye aanze darasa la kwanza, ili siku moja aone hiyo diploma. Kama ni yako, mbona sahihi si yako? Kidogo Absalom aulize, akajizuia.

"Daktari, mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo."

"Basi twendeni huko saiba na hizo karatasi zake. Jina langu liko mwisho kabisa wa makala."

Mureithi hakukana. Ukurasa wa mwisho huwa na mistari miwili tu, akaeleza, naye huona ni dhambi kumlipisha mwanafunzi kwa mistari miwili, kwa hiyo hauchapi. Akaandika anwani ya mtandao, wakangoja. Kompyuta ikafikiri weee, kisha ikasema ukurasa haupatikani. Wakoli akamsogeza, akaandika mwenyewe, ikasema vilevile.

Absalom alizidi kupotea. Kitabu kikiibwa maktaba, angalau rafu hubaki na pengo. Ukurasa huu umekwenda wapi?

"Pole, Daktari," Mureithi alisema kwa huruma ya kweli. "Lakini sasa tutajuaje kwamba ni yako?"

"Sikubaki na nakala," Wakoli akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Akamnyooshea Benta mkono. "Nipe hizo karatasi, binti."

Benta alizikumbatia. Hakuwa na utovu wa adabu, ila aliogopa, na alikuwa ametoka kuitwa mwizi.

"Nitakupa, Daktari. Lakini kwanza andika kwamba ni zako, ziliwekwa wapi, na mimi nilizisoma siku gani. Na uandike kwamba sikuiba."

Wakoli alimtazama Absalom, akingoja mwalimu amkemee mwanafunzi wake. Absalom alitoa kalamu mfukoni, akampa Daktari.

"Uanze na jina," akasema.