Thadu ya Langoni

Mimi ni maiti, tena maiti mwenye hasira. Tangu nife nimenasa hapa kwenye lango la nyumba yangu: ndani siingii, njiani siendi. Kwetu mfu hafunguliwi hivi hivi. Ndugu zake wawalishe watawa kwa jina lake, wamwite achukue fungu lake la thawabu, naye aitike “thadu”, yaani “umetenda vyema”, kwa moyo mkunjufu, akiufurahia wema wa aliyetoa.

Shida yangu ni huyo anayetoa. Ni mdogo wangu Nwe Ni, aliyeniuguza, kisha akaolewa na mume wangu kabla mto wangu haujapoa.

“Sema thadu uende zako, mama,” alinisihi Po Htaung, mzimu mwenzangu, mlevi aliyenasa mtaroni.

“Nimesema mpaka koo limekauka.”

“Mdomo ndio umesema. Roho inasema, ‘mwizi yule’.”

“Kwani si mwizi?”

Nilipokuwa hai nilikaa sana kituo cha kutafakari. Mwalimu alitufundisha kumfikiria mtu mwenye furaha na kumwombea: bahati aliyoipata isimtoke. Uanze na rafiki, umalizie na adui. Kwa marafiki nilikuwa hodari. Zamu ya adui ikifika, mguu unakufa ganzi, natoka kunywa chai. Leo sina hata mguu wa kusingizia.

Mwana wa Po Htaung alipolisha watawa, mzee alicheka, akasema thadu, akatoweka. Nikabaki peke yangu, wivu umenikaba.

Mwaka huu Nwe Ni alipika tena mohinga, supu yetu ya samaki. Yangu mtaa mzima uliipangia foleni, na siri yake nilimnyima, nikaenda nayo kaburini. Kila mwaka aliboronga, watawa wakala kwa adabu tu, nami nikafurahi langoni. Furaha ya namna hiyo haimfungui mtu.

Asubuhi hiyo harufu ikanifikia. Mchele umekaangwa mpaka ukakaribia kuungua, ndipo ukasagwa. Siri ameipata! Niliumia kama mtu aliyeibiwa mara ya pili. Nikachungulia ili nimchukie vizuri.

Mtawa mkuu alimaliza bakuli, akalisogeza lijazwe tena. Nwe Ni akajiziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni, masizi puani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

“Dada angeikubali hii, eti?” akamnong'oneza mume wetu.

“Angekuuliza nani kakufundisha.”

“Nani anifundishe? Nimeunguza magunia!”

Nikacheka. Magunia! Mtoto yule hajui kukata tamaa tangu anatambaa. Basi, bahati aliyoipata isimtoke, nikasema, wala sikumbuki kuamua kusema.

Maji ya kugawa thawabu yakamiminwa tone kwa tone, naye akaita, “Dada Hnin Yi, popote ulipo, chukua fungu lako!”

“Thadu,” nikaitika.

Lango likaniachia. Niling'ang'ania nguzo, mkono haukushika kitu. Ngojeni kidogo, jamani! Watawa wamekula, wageni ndio wanaanza kupakuliwa, na mpishi mwenyewe hajatia kitu mdomoni. Nilitaka kumwona akila.