Ndege ya Mzee Isiguswe

Dada aliikuta ndege imelazwa chali juu ya meza ya kulia, tumbo wazi, mdogo wake ameiinamia na bisibisi mkononi. Hakubisha hodi wala hakusalimia. Alitupa mkoba wake kwenye kiti akasema, "Ondoa mkono wako hapo kabla sijakuondolea mimi."

Mdogo wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kapteni tangu aanze kurusha zile ndege kubwa za rimoti, hakuinua hata kichwa. "Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Unafanya nini?"

"Natoa mota. Na hivi vimota vidogo vya kuchezesha mbawa. Vitanifaa kwenye ndege yangu mpya. Hii imekaa tu juu ya kabati inakula vumbi. Mimi nilishaipita hatua hiyo zamani, na wewe huirushi. Ni ndege ya kujifunzia, dada. Nani anajifunza hapa?"

Eti nani anajifunza! Damu ilimchemka Dada mpaka masikio yakawaka moto. Siku nzima alikuwa amepiga magoti karakanani kwake akigongelea misumari kwenye makochi ya watu, vidole vimejaa malengelenge, anakuja kumjulia hali baba yake, anamkuta huyu bwana anachinja ndege kama kuku wa sikukuu.

Ndege ile aliijenga Mzee, baba yao, juu ya meza hiyohiyo, kijiti kwa kijiti, enzi mama yao yuko hai na analalamika kwamba hata chai inanuka gundi. Haikuwa na mbio wala madoido. Mbawa zake zilikuwa pana, zimekaa juu ya mwili, na ukiikosea angani ulikuwa na muda wa kujuta na kuirekebisha. Kwa ndege hiyo Mzee alimfundisha Dada, kisha Kapteni, kisha karibu kila mtu anayejiita rubani pale uwanjani. Dada akaolewa, akashikwa na kazi, akaacha. Kapteni akaendelea, kichwa kikavimba.

"Umemuuliza mwenyewe?" Dada akasema.

Wote wawili waligeuka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, fimbo kati ya magoti. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulimtii ukipenda, na maneno yalimjia kwa taabu, moja moja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Alikuwa akiitazama ile ndege. Midomo yake ilianza kufanya kazi.

"Na... nataka..."

"Anataka chai," Dada akamalizia, tayari ameshanyanyuka. "Nakuletea, baba."

Mzee alitikisa kichwa kwa nguvu. "Nataka... kuirusha."

Kapteni aliweka bisibisi chini. "Baba, na mkono huo?"

"Mkono huo una nini?" Dada alimrukia. "Mkono huo ndio uliokufungia kamba za viatu! Rudisha kila kitu ulichotoa, hata skrubu moja isibaki. Jumapili tunakwenda uwanjani, wote watatu. Na ukileta za kuleta, nitakupa vidonge vyako mbele ya hao marafiki zako mpaka utafute pa kujificha."

Kapteni alinung'unika chini kwa chini, lakini alirudisha. Dada alimsimamia mpaka skrubu ya mwisho.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha mpira kilichoachwa nyuma ya maghala, nyasi zimefyekwa katikati tu. Jumapili hiyo watu wa chama cha kurusha ndege walimpokea Mzee kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Walimpa kiti, wakamshika mkono, wakampigia kelele za karibu kana kwamba kiharusi kilimpiga masikioni. Kila mmoja alikuwa na lake la kumkumbusha Mzee: siku aliyomfokea, siku aliyomkataza kuruka upepo ukiwa mkali.

"Lazima turushe na waya," Kapteni alisema. "Ni sheria. Aliyekaa muda mrefu bila kurusha anaanza upya."

Sheria hiyo Mzee ndiye aliyeiweka. Rimoti mbili huungwa kwa waya, moja ya mwanafunzi, moja ya mwalimu. Mwalimu akiibana swichi fulani kwa kidole, ndege iko kwa mwanafunzi. Akiiachia tu, imerudi kwake papo hapo. Ndivyo walivyofundishwa wote pale.

Kapteni akamwekea baba yake rimoti mapajani, akasimama nyuma ya kiti na ile nyingine. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka.

Toba, ilikuwa nzuri! Ilipanda taratibu, ikageuka juu ya maghala, ikarudi mbele yao imenyooka kama imepigwa pasi. Ikachora duara moja, ikachora jingine. Watu walipiga makofi. "Mzee bado yumo!" mmoja alipaza sauti. Dada alihisi machozi yanamlenga. Alitaka kumgeukia Kapteni amwambie, umeona sasa, bwana mkubwa? Lakini kwanza alimtazama baba yake ili aione furaha yake.

Mzee hakuwa na furaha. Alikuwa amemkazia macho yeye, Dada, si ndege. Polepole, kama mtu anayetaka aonekane vizuri, aliondoa mkono wa kushoto kwenye kijiti cha rimoti, akauweka gotini. Kisha akauondoa wa kulia. Rimoti ikabaki imelala mapajani kama sahani tupu.

Huko juu ndege ikakata kona safi kabisa, na watu wakapiga makofi tena.

Dada alikitazama kidole cha Kapteni. Kilikuwa mbali na swichi. Hakijawahi kuigusa tangu mwanzo.

"Kumbe!" Sauti ilimtoka kabla hajajua atasema nini. "Kumbe wewe ndiye unayerusha!"

"Dada, punguza sauti," Kapteni alinong'ona, macho juu. "Nilitaka afurahi tu."

"Afurahi? Umemkalisha kama mtoto anayepewa usukani wa gari lililozimwa! Huna haya? Na hawa wanampigia makofi!"

Makofi yalikatika. Kila mtu pale aliielewa swichi ile, na wengine walianza kuangalia viatu vyao. Walikuwa wameona. Dada aliwatazama mmoja mmoja akajua kwamba walikuwa wameona tangu ndege inanyanyuka.

"Bana hiyo swichi," alisema.

"Itaanguka."

"Bana."

"Dada, hii ndege tumejifunzia wote! Wiki nzima umenipigia kelele nisiivunje, sasa unataka ivunjike?"

"Wewe uliiangusha mara ngapi ulipokuwa unajifunza? Uliibwaga ukiwa na akili zako timamu na mikono yako miwili, na Mzee hakuiachia swichi akunyang'anye, kwa sababu ulimwambia umeshaweza! Alikuamini ukaivunja, akakaa na gundi yake mpaka ikaruka tena. Leo wewe unamfanyia maigizo!"

Hakungoja jibu. Alimshika mkono, akakibonyeza kidole cha mdogo wake juu ya swichi kwa kidole gumba chake mwenyewe, kile chenye malengelenge, akakibana hapo kwa nguvu zote za mtu anayevuta ngozi ya makochi kila siku.

"Baba!" aliita. "Iko kwako!"

Mzee alikuwa ameshaikamata rimoti. Ndege iliyumba, ikainamisha pua, na mtu mmoja akapiga ukelele. Kisha pua ikainuka. Haikuinuka vizuri, ilikuwa kama mtu anayeamka kitandani na mgongo mbovu, lakini iliinuka. Ikapita juu ya vichwa vyao kwa kelele, imelala upande mmoja, na shingo ya Mzee ikaifuata, mdomo umekaza, jasho linamtiririka. Aliigeuza. Aliigeuza yeye! Kona yenyewe ilikuwa ya ovyo, pana, imepinda, haimfai hata mwanafunzi wa siku ya kwanza, na Dada hajawahi kuona kona nzuri kama ile.

"Kulia, baba!" Kapteni alipiga kelele. "Kulia!"

Mkono wa kulia ulikuwa unakuja. Ulikuwa unakuja, lakini taratibu mno, na nguzo ya goli haikungoja. Ndege iliipiga kwa bawa, ikajizungusha, ikajikita kwenye nyasi kwa mlio wa mbao kupasuka. Mkia ulibaki umesimama peke yake.

Kapteni aliuchomoa mkono wake. "Haya. Umefurahi?" alimwambia dada yake. "Si nilikwambia? Si nilikwambia?"

"Usithubutu kumlaumu baba!" Dada alifoka. "Huo ulikuwa upepo! Na nguzo yenyewe nani kaiacha hapo? Baba hakufanya kosa lolote, alikuwa..."

"Nyamazeni."

Neno lilitoka zima, bila kukwama. Mzee alikuwa amesimama kwa fimbo yake, macho mekundu kwa hasira, na hasira hiyo haikumchagua mtoto. Alimwangalia Kapteni. Kisha alimwangalia Dada, muda mrefu zaidi.

"Na wewe," alimwambia. "Nyamaza." Alipigania pumzi. "Ndege... nimeiangusha mimi. Mimi!"



Mzee aligeuka akaanza kutembea kuelekea golini, fimbo, mguu, na ule mguu mwingine wa kuburuta. Nyasi upande ule zilikuwa ndefu, na ardhi ilikuwa na mashimo. Alijikwaa mara moja, na Dada akajikuta ameshapiga hatua. Kapteni alimshika kiwiko.

"Mwache," alisema.

Walibaki wamesimama hapo, wote wawili bado wamefura, wakimwangalia baba yao akiviendea vipande vya ndege yake.