Vyoo Vilivyomsubiri Mgeni

Mratibu wa mradi alifika shuleni saa mbili asubuhi, mgeni wa wafadhili akitarajiwa saa nne, akakuta vyoo vipya vinang'aa. Matundu sita, milango ya buluu, sakafu kavu. Kavu mno. Kila mlango ulikuwa na kufuli.

Kwenye ripoti ya robo mwaka alikuwa ameandika kwamba wanafunzi mia tatu na kumi na wawili wanavitumia kila siku. Hakudanganya makusudi. Kila Ijumaa alimpigia simu mwenyekiti wa kamati ya usafi, ambaye shule nzima ilimwita Mama Usafi, akamuuliza vyoo vikoje, akajibiwa viko vizuri sana. Basi, akaweka tiki na kwenda kunywa chai. Watu wa miradi wana ugonjwa huo: kisanduku kikishapata tiki, wanaona kazi imekwisha.

"Mama, mbona vimefungwa?" alimuuliza Mama Usafi, aliyekuwa amesimama kando na funguo mkononi.

"Si mgeni anakuja, mwanangu? Miezi mitatu nimevilinda. Watoto hawa wangevichafua siku moja tu."

"Wao wanajisaidia wapi?"

"Kule kule kwenye vile vya zamani. Wasichana wakubwa wanakwenda zao nyumbani."

Na wakienda hawarudi. Mradi wote ulianzia hapo. Mgeni alikuwa anakuja kuamua kama shule ya pili, ng'ambo ya barabara kuu, nayo ijengewe. Akijua kuwa vya kwanza havitumiki, shule ya pili imekula kwao.

Ingetosha kuviacha ving'ae. Mgeni angepiga picha, angesifu, angeondoka. Kusema kweli, mratibu alilipenda wazo hilo. Kisha akamwona msichana wa darasa la saba akielekea getini, mkoba begani, macho chini. Akamwita arudi.

"Fungua, mama. Yote sita."

Mama Usafi alifungua uso ameukunja, kama mtu anayeruhusu watoto warukeruke juu ya kitanda alichotoka kukitandika. Saa nne, wakati wa mapumziko, mgeni aliposhuka garini, sakafu ilikuwa imelowa, foleni imefika bustanini, na mlango wa tatu umeshachorwa kwa chaki.

"Vinatumika tangu lini?" mgeni aliuliza.

Mratibu akajibu, "Tangu leo asubuhi. Ripoti yangu si ya kweli. Nilikuwa nauliza kama viko vizuri, siulizi kama vinatumika."

Mgeni alimtazama, akamtazama na Mama Usafi aliyekuwa akifukuza maji kwa fagio. Safari ilikuwa ndefu na yeye ni binadamu, akaenda kushika foleni. Mama Usafi alitaka kumpitisha mbele, lakini mtoto mmoja wa darasa la pili akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, bibi. Sisi tumetangulia." Mgeni akangoja dakika kumi na mbili, mara mguu huu, mara mguu ule.

Alipotoka, uso ulikuwa umekunjuka.

"Ripoti uirekebishe leo hii," alimwambia mratibu. "Na kwa shule ya pili usiandike matundu sita. Andika kumi."