Ramani Inayojisahihisha

Ijumaa asubuhi Mutale aliingia dukani kwa Ntumba, katikati ya mji wa Lubumbashi, akaomba aonyeshwe kompyuta za baiskeli zenye GPS. Ntumba aliweka tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa na maandishi mengi kuliko gazeti. Ya pili haikufanya kazi mpaka iunganishwe na simu ya bei kali. Ya tatu ilikuwa na vitufe viwili, mshale mmoja mkubwa, na sauti.

"Ile ya mwepesi njo gani?" Mutale aliuliza. "Bwana yangu hajue kusoma. Anabebaka makala na kinga, toka pori mpaka huku mu mji." Kwa watu wa Lubumbashi kinga ni baiskeli, na makala ni makaa ya kuni.

"Kamata hii, mama. Hata mutoto anaweza kuitumikisha. Unasema fasi yenye unaenda, inakuonyesha. Na ramani inajitengeneza yenyewe, hata kugusa haugusi."

"Na makamyo?" Mutale aliuliza, akimaanisha malori. "Iko na njia ya bila makamyo?"

"Uiambie tu. Itatafuta."

Mutale hakubishana bei, jambo lililomtia Ntumba wasiwasi kidogo.

Hofu ya Mutale ilikuwa na sababu. Kasonde, mdogo wa mume wake Kapya, aligongwa mwaka uliopita kwenye barabara kubwa akisukuma baiskeli ya makala, na lori lililomgonga halikusimama wala kupunguza mwendo. Tangu hapo, kila Kapya alipotoka na baiskeli, mkewe alisimama mlangoni mpaka aliporudi. Hakumficha mtu. Alikuwa anaogopa, basi.

Siku ya kwanza Kapya aliiambia mashine isimpitishe kwenye malori, na mashine ikampitisha kijijini kwao. Kijiji hicho hakikuwapo tena. Mgodi ulikuwa umekichimba miaka minane iliyopita, nyumba, shule, kisima na makaburi, ukaacha shimo ambalo ukichungulia, magari ya chini unayaona kama punje za mahindi. Lakini ramani ya mashine ilikuwa ya zamani, na barabara ilikuwa pale pale ilipokuwa, usawa wa udongo wa zamani. Kapya akapita hewani juu ya shimo na magunia yake sita. Wachimbaji waliinua macho, wakaona matairi mawili na nyayo za mtu, wakaendelea na kazi.

"Njia inashikilia?" Mutale alimwuliza jioni, akimpa maji ya kunawa.

"Inashikilia. Kuko tu mashimo kidogo pale pa shule, sawa zamani. Nilipita kwa mama. Nilifagia kaburi yake."

Kwa wiki tatu Mutale alilala vizuri, hata akanenepa.

Jumatano moja alikwenda dukani kununua mpira wa tairi. Ntumba alimpokea kwa furaha ya mtu mwenye habari njema.

"Mama, ramani mupya inatoka leo! Saa sita juste, mamashine yote inajitengeneza."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mutale hakuaga. Alipanda pikipiki, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akiogopa pikipiki, akamwambia dereva akimbize. Kumpigia Kapya hakukuwa na maana: simu yake ilikuwa nyumbani, kwenye chaji.

Kwenye uzio wa mgodi mlinzi aitwaye Gauthier alikuwa amesimama, mkono juu ya macho kuzuia jua. Kapya alikuwa huko hewani, amevuka nusu ya shimo, akisukuma baiskeli taratibu, maana baiskeli yenye magunia sita haipandwi wala haikimbizwi. Nyuma yake barabara ilikuwa inafutika. Shule ndiyo iliyotangulia. Kikafuata kisima. Yakafuata makaburi, moja baada ya jingine, bila kelele yoyote.

"Ba Kapya!" Mutale alipiga kelele. "Acha makala! Kimbia!"

Kapya aligeuka, akaona. Alisimama kidogo kama mtu anayepiga hesabu, kisha akaendelea kusukuma, na makala yake hakuyaacha. Mutale alishika waya wa uzio kwa mikono yote miwili. Akajikojolea pale pale aliposimama, wala hakuona haya.

"Iko na ruhusa ya kupita?" Gauthier aliuliza.

"Fungula mulango!"

Gauthier alifungua, kwa kuwa daftari lake halikuwa na sehemu ya kuandika watu wanaotokea hewani. Wakakimbilia ukingo wa shimo. Tairi la mbele lilipougusa, chini ya lile la nyuma hapakuwa tena na kitu. Wakaivuta baiskeli wote watatu. Gunia moja lilichomoka likaanguka, na walingoja muda mrefu kabla ya kulisikia likifika.

Mashine ilitoa mlio mzuri. "Ramani yako iko sawa sasa," ikasema, ikageuza mshale kuelekea barabara kubwa.

Jumatatu Kapya alirudi kwenye barabara kubwa, maana makala hayajileti mjini. Safari hii Mutale alikwenda naye, kwa sababu kubaki nyumbani kulimshinda. Mwezi huo mgodi ulikuwa umeanza kusomba marundo yake ya udongo wa zamani, ule uliochimbwa kijijini na makaburini, na malori yalifuatana kuelekea mpakani Kasumbalesa. Walipofika lami, Kapya aliiambia mashine impeleke kwa mama yake.

Mashine ilitafuta. Lori likapita karibu sana, likawamwagia vumbi jekundu.

"Umefika," mashine ikasema.

Walitembea hatua chache. Lori la pili likapita.

"Umefika."

"Zima ile kitu," Mutale alimwomba. "Ba Kapya, niko naogopa. Zima."

"Mama anapita, mi niizime?"

Kila lori lilipopita Kapya alivua kofia, kama mtu aliyelelewa vizuri. Na ili avue kofia ilibidi aachie usukani kwa mkono mmoja, na baiskeli, kwa uzito wake, ikainamia upande wa malori. Mutale alikumbatia gunia la nyuma kwa nguvu zake zote, akasikia lori jingine linakuja.