Pombe ya Ukweni Hutangulia

Laurian alikuwa na miaka arobaini na moja, Korola moja ya umri usiotajwa mbele za watu, na mchumba mmoja. Aliyekuwa hatarini kupotea ni mchumba.

Mchumba huyo, Justina, alikuwa mwalimu huko Nyabusozi, Biharamulo. Baba yake, Mzee Kazimili, ni Msukuma aliyehamia pale zamani na ng'ombe na mkokoteni, na vyote viwili anavyo hadi leo. Safari ya kwanza wachumbiaji walifika saa kumi alasiri badala ya saa sita. Mzee aliwapa maji ya kunywa na kuwaarifu kwamba mbuzi ameshaliwa.

"Rudini mara moja tena," alisema. "Saa sita, na pombe kamili. Mkishindwa, mimi sina binti, nina mwalimu tu."

Bukiriro nzima, kijijini kwa Laurian, ikayajua maneno hayo siku hiyo hiyo, maana shangazi yake Rozalia alikuwamo garini.

Safari ya pili Laurian hakutaka tena lori la mtu. Frednand, fundi wa kuchomelea vyuma, alimtengenezea tela la magurudumu mawili la kuvutwa na Korola. Mlango wake ulikuwa nyuma, na hapo ndipo kesi ilipoanzia.

"Madumu ya pombe yakae mbele ya ekseli, chuma cha magurudumu," alisema Frednand. "Mzigo mzito ulilalie gari kidogo. Ukikaa nyuma, tela litainua matako ya gari, na barabarani litayumba."

"Frednand, umeoa?" aliuliza Rozalia.

"Bado, shangazi."

"Basi waachie waliooa wapange."

Katika ukoo wa akina Laurian, pombe ya ukweni hupakiwa mwisho na hushuka kwanza. Hakuna kinachoitangulia, hata ndizi moja, la sivyo wakwe watakuwa wameonyeshwa njaa kabla ya furaha. Rozalia aliolewa mara mbili na mara zote mbili pombe ilitangulia. Waume ndio hawakudumu, lakini hilo si kosa la pombe. Kwa hiyo mikungu na gunia la maharage vikasukumwa mbele, na madumu kumi na mawili ya rubisi, ile pombe yao ya ndizi, yakapangwa mlangoni. Korola ikainua nyuma kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Tambarare hawakuona shida. Laurian aliendesha polepole, Rozalia akisimulia habari za mjane mmoja wa Kirushya na mwanamume aliyekuwa akipitia dirishani. Walipoipita Nyakahura wakapata mteremko. Mshale wa mwendo ukafika sabini. Nyuma tela likaanza taratibu, kama mtu anayekataa kwa kichwa, kisha likakataa kwa mabega, kisha kwa mwili mzima.

"Kanyaga breki!" alipiga kelele Rozalia.

"Usikanyage!" alisema Frednand kutoka kiti cha nyuma. "Ondoa mguu kwenye mafuta, basi. Usukani ushike unyooke, usilifuate!"

Akilini Laurian alimwona Justina akizeeka na ualimu wake. Akaondoa mguu. Tela likaendelea kukataa kulia na kushoto, lori lililokuwa likipanda likapiga honi ndefu, halafu ubishi ukapungua, ukaisha. Wakasimama pembeni. Rozalia alikuwa amefika kwenye jina la yule mwanamume. Hajalitaja hadi leo.

Wakashusha kila kitu, wakapanga madumu mbele, ndizi nyuma. Rozalia alisimamia kazi hiyo kama anayesimamia mazishi.

"Sawa," alisema. "Lakini mlangoni kwa watu hatufiki hivi."

Tangu hapo tela lilifuata gari kama mbuzi aliyeshiba. Saa tano na nusu walisimama nyuma ya mashine ya kusaga, hatua mia mbili kutoka kwa Mzee Kazimili, wakarudisha madumu mlangoni. Waliokuja kusaga waliacha kusaga wakatazama.

Ilibaki kuingia. Ili pombe itangulie, ilibidi tela liingie kinyumenyume kwenye uwazi wa ua wa minyaa. Laurian alikuwa ameambiwa kwamba ukipeleka usukani kulia, tela huenda kushoto. Masikio yake yalielewa, mikono haikuelewa. Mara ya kwanza tela liliingia kwenye minyaa. Mara ya pili lilikunja shingo na kugusa gari. Wanawake wa ukweni walikuwa wanacheka. Justina, mlangoni pa jiko, alikunja mikono bila kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mzee Kazimili alitoa kiti, akaketi, akatazama simu yake. Zilibaki dakika saba kufika saa sita.

"Lifungueni tulisukume!" aliamuru Rozalia. Frednand akainama.

"Usiguse!" alisema Laurian. Katika maisha yake hakuwahi kupaza sauti shangazi akiwa karibu. "Likifunguliwa litainuka mbele, litakaa kitako nyuma. Pombe yote itamwagika hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pombe iingie mwisho, shangazi. Au..." Akamtazama. Rozalia ni mwanamke ambaye kwenye basi kondakta humhesabu kwa busara. "Au ukae kwenye mkono wa tela, hiki chuma cha kuvutia, ulikandamize."

"Mimi? Mbele ya wakwe?"

"Nyuma ya pombe," alisema Laurian.

Rozalia akafikiri. Akakaza kitenge, akaketi juu ya chuma, mkoba mapajani. Frednand akafungua. Mkono ukatetemeka, ukatulia. Wakasukuma. Yakaingia madumu, ikaingia mikungu, akaingia Rozalia, mgongo ukweni, akiwapungia watu wa mashine.

Mzee Kazimili alilizunguka tela mara moja.

"Shikamoo, mzee," alisema Laurian.

"Marahaba. Mkokoteni ukipakiwa hivi unamnyonga ng'ombe. Umetoka Bukiriro hivi?"

Rozalia alikohoa. Laurian aliona kwamba uongo ungemponya shangazi; ukweli ungemponya nani, hakujua.

"Tulitoka hivi, mzee. Likatushinda mteremkoni, tukapanga upya. Hapo kwenye mashine tukapanga tena."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Kwa sababu gani?"

"Shangazi."

"Na huyu aliyekaa hapa ni mgeni au ni mzigo?"

"Nikiinuka utajua," alisema Rozalia.

Mzee akamgeukia binti yake. "Justina. Mwanamume amepanga mzigo mara tatu kwa siku moja kwa ajili ya maneno ya mwanamke mmoja."

"Nimesikia, baba."

"Unasemaje?"

"Washushe pombe, mama wa watu apumzike."

"Asiinuke kwanza!" walisema Laurian na Frednand kwa pamoja.

Madumu yakaanza kushuka. La nne liliposhuka, mkono wa tela ukaanza kuteremka taratibu, na Rozalia juu yake, uso mkavu, hadi chuma kikagusa ardhi. Mzee Kazimili akaitazama simu. Ilikuwa saa sita na dakika mbili.

"Simu hii hukimbia," alisema, akaitia mfukoni. Akampa Rozalia mkono. "Karibu, mkwe."

Laurian alilisikia neno hilo, akaegemea tela, ambalo sasa halikwenda popote.

"Ahsante," alisema Rozalia akijipangusa kitenge. "Ila viti vyenu viko chini mno."